Mzazi Akilemazwa na Ajali, Nani Anabeba Shule ya Mtoto?

Basi likipinduka Kitonga au bodaboda ikigongwa Mbagala, taarifa ya habari hutupa idadi mbili: waliokufa na waliojeruhiwa. Waliokufa watazikwa, watachangiwa, mirathi yao itajadiliwa. Waliojeruhiwa huishia kwenye sentensi moja, kwamba wamelazwa na wanaendelea na matibabu. Yanayotokea nyumbani kwao miezi sita baadaye, hasa kwa watoto walio shuleni, hayatangazwi na mtu.

Ndiyo maana suala hili limejaa mkanganyiko. Mjumbe wa kamati ya shule atauliza: elimu ni bure, sasa mtoto wa aliyevunjika mguu anaachaje shule? Jirani atauliza: kila gari lina stika ya bima, fidia imekwenda wapi? Na kwenye kikao cha ukoo hakosekani wa kuguna kwamba baba yu hai, hivyo kuchangishana kwa nini kana kwamba kuna matanga? Maswali yote matatu yana mantiki. Shida ni kwamba kila anayeuliza ameshika kipande kimoja cha jambo na kudhani ndilo jambo lote.

Yatima anajulikana, huyu hajulikani

Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka duniani, na wengine kati ya milioni 20 na milioni 50 hujeruhiwa, wengi wao wakibaki na ulemavu. Theluthi mbili ya vifo hivyo huwapata watu wa miaka 18 hadi 59. Huo ndio umri wa kuzaa, kulea na kusomesha. Kwa hiyo tunapozungumzia majeruhi wa barabarani tunazungumzia, kwa sehemu kubwa, wazazi.

Mzazi anapofariki, jamii yetu ina utaratibu. Kuna rambirambi, kuna msimamizi wa mirathi, kuna mafao ya wategemezi kwa aliyekuwa kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, na mtoto anapata jina linalofungua milango: yatima. Mzazi anapobaki kitandani hakuna kati ya hayo. Mtoto wake hana jina lolote kwenye orodha za misaada.

Kiuchumi, na hili linauma kulisema, ulemavu unaweza kuigharimu kaya kuliko kifo. Aliyevunjika mfupa wa paja na kukosa upasuaji wa mapema hulala wiki kadhaa mguu ukivutwa kwa uzito. Akitoka hapo ni magongo, kliniki, dawa, pengine kurudi kubadilishwa vyuma. Muda wote huo lazima awepo wa kumuogesha, kumgeuza na kumpelekea chakula. Aghalabu ni mke, ambaye jana alikuwa na meza yake ya vitumbua au genge la mboga. Kaya iliyokuwa na vipato viwili inabaki bila hata kimoja, na matumizi yamepanda.

Tazama kwa karibu hali ya dereva wa bodaboda wa mkataba, sura ya kawaida kabisa tangu kanuni za mwaka 2010 ziliporuhusu pikipiki kubeba abiria kihalali nchini Tanzania. Pikipiki ni ya bosi. Dereva anapeleka hesabu kila siku au kila wiki, na mkataba ukiisha chombo kinakuwa chake. Akigongwa katika mwezi wa kumi, pikipiki imepondeka au imeshikiliwa kituoni kama kielelezo. Hesabu za miezi kumi zimekwenda, chombo hakipo, na bosi naye ana deni alilonunulia chombo hicho. Mtu huyu hajapoteza mshahara tu, amepoteza na akiba yake yote, maana ile pikipiki ndiyo iliyokuwa benki yake.

Pesa, mikono au akili?

Hapa ndipo wachambuzi wanapogawanyika. Wapo wanaosema mtoto anaacha shule kwa sababu pesa zimekatika. Wapo wanaosema ni kwa sababu mikono yake inahitajika nyumbani. Na wapo wanaosema akili imevurugika: mtoto aliyemwona baba yake akilia kwa maumivu usiku kucha hawezi kukaa na hesabu za sehemu asubuhi.

Utafiti uliopo unasaidia, ingawa hauelekei upande mmoja. Shamma Alam, kwa kutumia takwimu za muda mrefu za kaya za Kagera, alichapisha mwaka 2015 matokeo yaliyoonyesha kwamba ugonjwa wa baba ulipunguza mahudhurio ya watoto, ukapunguza uwezekano wa kumaliza shule ya msingi na miaka ya masomo kwa jumla. Ugonjwa wa mama haukuonyesha athari hiyo. Na hakupata ushahidi kwamba watoto walitolewa shule ili wafanye kazi. Kilichoonekana ni kaya kushindwa kumudu gharama. Huo ni ushindi wa wanaosema pesa.

Lakini Bosnia, Massimiliano Bratti na Mariapia Mendola waliowachunguza vijana wa miaka 15 hadi 24 walikuta kinyume chake: afya mbaya ya mama ndiyo iliyowaondoa shuleni. Busia nchini Kenya, David Evans na Edward Miguel waliwafuatilia watoto zaidi ya 20,000 wa shule za msingi na kuona mahudhurio yakishuka sana baada ya mzazi kufa, hasa mama, na yakianza kushuka kidogo hata kabla ya kifo, yaani wakati mzazi bado anaugua.

Utafiti ulio karibu zaidi na mada yetu unatoka jimbo la Karnataka, India. Manoj Mohanan aliwalinganisha abiria walioumia katika ajali za mabasi na abiria wa rika na njia zilezile ambao hawakuumia. Kaya za majeruhi zilijitahidi kulinda chakula, nyumba na hata gharama za sikukuu. Matumizi ya elimu yalipungua kidogo tu. Kilichopanda sana ni madeni.

Mtu anaweza kuisoma Karnataka na kupumua: elimu imepungua kidogo, hakuna haja ya hofu. Mimi naisoma tofauti. Deni ni njia ya kuliahirisha pigo, halilifuti. Mtoto anaendelea kwenda darasa la tano kwa sababu sare ya mwaka jana bado inamtosha. Pigo linatua pale shule inapodai fedha za mkupuo: anapotoka la saba kuingia kidato cha kwanza na kuhitaji sare mpya, viatu, madaftari ya masomo mengi na nauli ya kila siku, au anapochaguliwa kidato cha tano mkoa mwingine na fomu ya kujiunga inataka godoro, tranka na nauli ya basi. Wakati huo ajali imeshapita miaka miwili na hakuna anayeunganisha mambo hayo mawili. Watasema tu mtoto hakuripoti.

Na takwimu za Kagera zisibebeshwe zaidi ya uwezo wake. Sehemu kubwa ya kipindi chake ni miaka ambayo shule za msingi zilikuwa na ada, kwa hiyo ni kawaida pochi ya baba kuonekana muhimu kuliko kila kitu. Tena mahudhurio hayasemi yote. Daftari la mahudhurio huitwa asubuhi. Binti anayetakiwa kuwa kwenye lango la wodi saa sita mchana na chupa ya chai na hotipoti ya wali ataitika "nipo" saa moja na nusu, kisha ataondoka baada ya mapumziko. Kwenye karatasi hajakosa hata siku moja.

Elimu bila malipo inafika wapi?

Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada na michango ya lazima kuanzia Januari 2016, kutoka shule ya awali hadi kidato cha nne katika shule za Serikali. Mwaka 2022 ada ya kidato cha tano na sita nayo ikaondolewa. Wanaotetea hoja ya "elimu ni bure" wanasimama mahali penye nguvu: leo mwalimu mkuu hana haki ya kumrudisha nyumbani mtoto wa majeruhi kwa sababu ya ada. Ulinzi huo watoto wengi wa miaka ya tisini hawakuwa nao.

Udhaifu wa hoja hiyo ni kwamba ada haikuwahi kuwa gharama pekee. Sare, viatu, nauli, chakula cha mchana, rimu ya karatasi, mtihani wa majaribio, masomo ya ziada ya darasa la mtihani: hayo yote yamebaki kwa mzazi, mengine yakiitwa ya hiari. Kwa kaya yenye kipato, ni usumbufu. Kwa kaya ambayo asubuhi inachagua kati ya dawa ya maumivu na nauli mbili za daladala, ni ukuta.

Kuna udhaifu wa pili, na huu ni wa macho ya mfumo wenyewe. Kwa miaka mingi takwimu rasmi za elimu nchini zimetaja utoro kuwa sababu kubwa kuliko zote ya wanafunzi kuacha shule. Utoro ni kapu. Humo wamo wavuvi wadogo wa ziwani, wachunga ng'ombe, waliochoka na viboko, na humo humo yumo aliyebaki nyumbani kumgeuza baba aliyepooza. Ukishaandikwa mtoro, swali linalofuata si nini kimekusibu. Ni mzazi wako aitwe kwa mtendaji wa kata, kwa sababu sheria inaruhusu mzazi ashtakiwe. Sheria hiyo ina faida yake, imewarudisha darasani wasichana wengi waliokuwa wameandaliwa ndoa. Lakini ikimfikia mtu wa magongo inamkuta hana cha kujibu.

Bima italipa, lakini lini?

Wanasheria wengi watakwambia tatizo lina dawa tayari. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inalazimisha kila chombo cha moto barabarani kuwa na bima inayowalinda watu wengine dhidi ya kifo na majeraha. Pesa ipo, kampuni ipo, mdhibiti yupo. Anayeumizwa adai.

Hoja hii ina nguvu moja ambayo hoja nyingine hazina: inaweza kuleta kiasi kikubwa, cha kutosha kuanzisha biashara au kujenga vyumba viwili vya kupangisha, hivyo kusomesha watoto kwa miaka. Na ni haki, si hisani. Anayelipwa haombi.

Kasoro zake ziko nyingi, na nyingine ni za muundo. Bima hiyo humlinda mtu wa tatu. Dereva wa bodaboda aliyeteleza mwenyewe kwenye shimo, au aliyeonekana ndiye mwenye kosa, hapati kitu. Aliyegongwa na gari lililokimbia hajui amdai nani. Anayestahili lazima akusanye fomu ya polisi ya PF3, ripoti ya polisi, mchoro wa ajali, ripoti ya daktari ya kiwango cha ulemavu, na mara nyingi asubiri kesi ya trafiki iishe ili kosa la dereva lithibitike. Kazi hiyo ya kuzunguka ofisi inampasa mtu asiyeweza kutembea.

Kisheria pia kuna tofauti inayosahaulika. Mzazi akifa, wategemezi wanaweza kudai kwa niaba yao wenyewe kwa kupotelewa na matunzo. Mzazi akiumia, mwenye dai ni yeye peke yake. Shule ya mtoto haina fungu lake katika fidia ya jeraha. Imefichwa ndani ya kipato kilichopotea cha baba, na baba ndiye atakayeamua fedha ikifika iende wapi. Kwa kawaida wadai wamekwishaamua kabla yake.

Hapo ndipo palipo na mtego. Deni linasukuma familia kumalizana kienyeji. Mwenye gari anakuja wodini na bahasha, analipa bili ya wiki mbili, wanaandikishana karatasi mbele ya shahidi mmoja. Watu wa mbali huita huo ujinga. Sikubaliani nao. Kwa aliye na vyuma vya kununua kesho asubuhi, laki tano ya leo ina thamani kuliko mamilioni ya mwaka kesho kutwa. Hasara yake inaonekana baadaye, na wanaoilipa ni watoto. Kenya, ambako sheria imeweka kikomo cha shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja katika malipo ya bima ya aina hii, ina tatizo hilohilo la muda: kikomo kinamsaidia mlipaji kujua hatima yake, hakimharakishii mlipwaji hata siku moja.

Upande wa wafanyakazi wa ajira mambo ni nafuu zaidi. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi Julai 2015, haumuulizi aliyeumia kazini ni nani mkosa. Hugharamia matibabu, hulipa sehemu ya mshahara, asilimia 70, wakati wa ulemavu wa muda, na una posho ya anayemhudumia mgonjwa asiyejiweza. Ukiutazama kwa jicho la mtoto wa shule, huo ndio mpango bora tulio nao: kipato hakikatiki na mama anaweza kulipwa kwa kuuguza. Ila unamhusu aliyeajiriwa, aliyeumia akiwa kazini. Mkulima aliyegongwa akivuka barabara na gunia lake, mmachinga, dereva wa mkataba, wote wako nje. Mpango mzuri kuliko yote unawafikia wachache.

Ukoo na kikoba

Ukoo ndio unaofika kwanza, kabla ya polisi na kabla ya bima. Unachanga, unatoa gari la kukodi, unamchukua mtoto mmoja kwenda kwa shangazi. Kasi yake haina mpinzani. Uvumilivu wake ndio mfupi: michango huja kwa wingi wiki ya kwanza, na ulemavu ni wa miaka. Kikoba nacho kinakopesha mara moja, kisha kinataka marejesho. Kinachofuata ni mikopo ya kausha damu, yenye riba inayokula hata fidia ambayo haijatoka. Na watoto waliogawanywa kwa ndugu hubadilisha shule katikati ya mwaka. Wengine wanaangukia mikono mizuri, wengine wanageuka wasaidizi wa nyumbani. Siwezi kuujenga mpango wa taifa juu ya bahati hiyo.

Mfuko wa umma

Mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini umefunga ruzuku yake na mahudhurio ya shule ya angalau asilimia 80, jambo linalomlenga mtoto moja kwa moja. Lakini kaya hutambuliwa kwa awamu. Fundi aliyekuwa na maisha ya wastani wakati wa utambuzi, akalemaa mwaka uliofuata, si maskini kwenye orodha. Mpango umejengwa kwa ajili ya umaskini wa kudumu. Ajali ni umaskini wa ghafla.

Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ambamo asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu, inamfaa aliyekwishapona na yuko tayari kufanya biashara. Si fedha ya mwaka wa kwanza. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu nayo humpa uzito mwombaji ambaye mzazi wake ana ulemavu uliothibitishwa na daktari. Utambuzi huo ni mzuri, na ni wa kusikitisha pia, kwa sababu unamsubiri mtoto kwenye mlango wa chuo kikuu baada ya wengi wa wenzake kuwa wamebaki nyuma kwenye mlango wa kidato cha kwanza.

Wapo wanaotaka tufuate kusini mwa Afrika. Namibia na Afrika Kusini zina mifuko ya ajali za barabarani inayochangiwa na tozo ya mafuta. Namibia, tangu sheria ya mwaka 2007, hulipa kwa viwango vyenye kikomo bila kusubiri mkosa ajulikane. Afrika Kusini imeendelea kutafuta mkosa, na mfuko wake umezama katika madeni na mlundikano wa madai. Somo liko wazi: pesa ya mafuta bila masharti mepesi ya kulipa hutajirisha mawakili. Nasi tuna swali letu la ziada. Lita ya mafuta Tanzania tayari inabeba tozo ya barabara, na mwaka 2021 ikaongezwa shilingi 100 kwa ajili ya barabara za vijijini. Tozo mpya itapandisha nauli, na nauli ndiyo ileile inayomshinda mtoto wa majeruhi.

Uzito wa kila upande

Ukiziweka hoja hizi pamoja, ugomvi wa kweli ni kati ya kasi na ukubwa. Ukoo una kasi bila ukubwa. Bima ina ukubwa bila kasi. WCF ina vyote viwili, haina upana. Elimu bila malipo ina upana kuliko zote, ila haifiki nje ya geti la shule. Kwa kuwa madhara kwa mtoto hupitia deni la miezi ya mwanzo, mimi naweka uzito kwenye kasi: kidogo kinachofika mapema kinaokoa shule kuliko kikubwa kinachokuta kiwanja kimeshauzwa.

Hilo linadai mambo mawili ambayo hayahitaji mfuko mpya. La kwanza, sheria ya bima ibadilishwe ili kampuni itoe malipo ya awali ndani ya wiki chache pale ambapo chombo kilichogonga kinajulikana na jeraha limethibitishwa, yakatwe baadaye kwenye fidia kamili. Kampuni zitalalamika kuhusu udanganyifu, na zina haki ya kuogopa. PF3 za kughushi zipo. Lakini malipo ya awali yakiwa madogo, hasara ya mdanganyifu mmoja ni ndogo kuliko ya watoto watatu walioacha shule.

La pili, afisa ustawi wa jamii wa hospitali, ambaye tayari ndiye anayemhoji majeruhi anayeomba msamaha wa bili, aulize swali moja zaidi: una watoto shule gani? Barua iende kwa mwalimu mkuu, na mzazi aridhie kwanza, maana si kila mtu anataka shida yake isomwe ofisini kwa walimu. Mwalimu mkuu hana bajeti, lakini ana uwezo wa kuacha kumwita mtoto mtoro, kumruhusu achelewe, kumwondolea michango ya hiari, na kupeleka jina lake serikali ya mtaa kabla ya awamu ijayo ya utambuzi.

Wakati hayo yakisubiri wenye mamlaka, msomaji aliye na majeruhi nyumbani ajue haya: nakala ya kila karatasi ya polisi na hospitali itunzwe, karatasi ya kumalizana isisainiwe kitandani kabla mwanasheria au msaidizi wa kisheria hajaisoma, na dai la jeraha Tanzania lazima lifikishwe mahakamani ndani ya miaka 3 tangu ajali ilipotokea.